Bunduki ya Upepo na Mpaka wa Sheria

Somo la historia kwa madarasa ya watu wazima, limepigwa chapa kama lilivyosomwa katika redio

Viongozi wa madarasa, tafadhali wapeni watu vitabu vyao, na wale wasioona vizuri wakae karibu na taa.

Leo tutasoma habari za bunduki. Msishtuke; hatujifunzi vita. Tunajifunza jambo moja ambalo limewatia watu wengi mashakani, mafundi na wakulima, wazungu na waafrika. Jambo lenyewe ni hili: chombo kikibadilishwa, jina lake katika sheria laweza kubadilika pia. Mtu aweza kuamka asubuhi ana kitu halali nyumbani mwake. Akakaa nacho mchana kutwa na bisibisi na tupa, akaongeza hapa na kupunguza pale. Jioni yake kitu ni kile kile, mkono ni ule ule, lakini sasa ana kitu kilichokatazwa.

Kila mkulima ajua maana ya mpaka wa shamba. Jiwe la mpaka likisogezwa hatua mbili, ugomvi umeingia. Bunduki nayo ina mpaka wake. Zamani mpaka huo uliwekwa kwa aina ya chombo. Baadaye uliwekwa kwa mtu mwenye kukishika. Halafu katika nchi nyingine uliwekwa kwa nguvu ya risasi, ukapimwa kwa hesabu. Tutaufuata mpaka huo tangu siku za misafara hata siku zetu hizi, na mwisho tutaitazama bastola ya upepo, ile ijazwayo kwa kupigwa pampu.

Maneno ya kujua kwanza

Kiongozi wa darasa ayaandike maneno haya ubaoni, na wanafunzi wayasome pamoja kwa sauti.

Gobore: bunduki ijazwayo baruti na risasi kwa mdomo wake.
Gumegume: jiwe gumu litoalo cheche, pia bunduki iwashwayo kwa jiwe hilo.
Mtutu: bomba la bunduki ambamo risasi hupita.
Mdeki: fimbo ya kushindilia baruti ndani ya mtutu.
Fataki: kikombe kidogo chenye dawa ya kulipuka kikigongwa.
Hati: karatasi ya serikali ya kumruhusu mtu jambo fulani.
Juli: kipimo cha nguvu. Ukiinua kitu cha gramu 100 kwa kadiri ya mita moja, umetumia karibu juli moja.

Sasa tuendelee.

1. Bunduki katika njia ya misafara

Katika karne ya 19 njia kuu ya kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipita Mpwapwa na Ugogo. Wapagazi walichukua nguo, ushanga na nyaya kwenda bara, wakarudi pwani na pembe za ndovu. Nchi yetu ya kati ni kavu, na msafara haukuweza kuivuka bila kupata maji na nafaka. Kwa hiyo watemi wa Wagogo walidai hongo. Siku hizi neno hongo ni rushwa, lakini wakati ule lilikuwa ushuru wa njia, na wenye misafara walilipa, ingawa kwa manung'uniko.

Pamoja na nguo zilikuja bunduki. Nyingi zilikuwa bunduki kuukuu za majeshi ya Ulaya. Kila jeshi la Ulaya lilipojipatia bunduki mpya, zile za zamani ziliuzwa kwa wafanyabiashara, nao wakazileta Unguja. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza katika Unguja alikadiria kuwa bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia bara kila mwaka kwa njia ya pwani yetu. Tafakarini hesabu hiyo. Ni bunduki nyingi kuliko watu wa miji mingi ya siku zile.

Gumegume lilifanyaje kazi? Mwenye nalo alimimina baruti mdomoni mwa mtutu, akatia risasi na kitambaa, akashindilia kwa mdeki. Kisha alitia baruti kidogo katika kisahani cha ubavuni. Alipofyatua, jiwe liligonga chuma, cheche zikaanguka katika kisahani, na moto ukaingia ndani kwa tundu dogo. Mvua ikinyesha, kazi imeharibika. Fundi mwepesi aliweza kupiga mara mbili au tatu kwa dakika moja. Tena mtutu wake ulikuwa laini ndani, hivyo risasi ilitoka ikiyumba, na mtu wa mbali aliweza kuponea.

Bunduki mpya za Ulaya zilikuwa na tofauti mbili kubwa. Kwanza, mtutu wake ulichongwa mifuo ya kuzunguka ndani, ili risasi itoke ikipiga pia na kwenda moja kwa moja mpaka mbali. Pili, zilijazwa kwa nyuma kwa risasi iliyokwisha kufungwa pamoja na baruti yake. Mtu aliweza kupiga mara nyingi huku amelala kifudifudi, wala hakuhitaji kusimama ili ashindilie. Basi kati ya gobore na bunduki hiyo mpya palikuwa na tofauti kama iliyopo kati ya jembe na trekta.

2. Mkataba wa mwaka 1890

Tarehe 2 Julai 1890, katika mji wa Brussels huko Ubelgiji, mataifa mengi yalitia sahihi mkataba. Sultani wa Unguja alikuwamo katika mkataba huo. Shabaha iliyotangazwa ilikuwa kukomesha biashara ya watumwa katika Afrika. Na kwa kuwa watekaji wa watumwa walitumia bunduki, mkataba ulizuia bunduki zisiingizwe katika sehemu kubwa ya Afrika, tangu digrii 20 kaskazini ya ikweta hata digrii 22 kusini yake. Dodoma ipo karibu digrii 6 kusini, kwa hiyo nchi yetu yote ilikuwa ndani ya eneo hilo.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo tunapouona mpaka wa kwanza. Mkataba haukukataza bunduki zote. Uliruhusu serikali kuacha magumegume yenye mtutu laini yauzwe, pamoja na baruti ya kawaida ya biashara. Ulichokataza ni bunduki zenye mtutu wa mifuo na zile zinazojazwa kwa nyuma, isipokuwa kwa watu wachache wenye hati, na silaha zao zipigwe alama na kuandikwa katika daftari.

Mpaka basi uliwekwa kwa aina ya chombo. Hapakuwa na mtu wa kupima risasi yaenda kwa mwendo gani. Askari wa forodha alitazama tu: hii ina jiwe au ina fataki? Mtutu wake ni laini au una mifuo? Palepale akajua.

Je, mkataba huo ulikuwa mwema? Tusihukumu kwa haraka. Ni kweli kwamba biashara ya watumwa ilikuwa dhambi kubwa, na bunduki ziliikuza. Lakini ni kweli vilevile kwamba miaka ile ile mataifa ya Ulaya yalikuwa yakigawana Afrika. Mkataba ulimwachia mwafrika gumegume, na ukawaachia askari wa serikali za kikoloni bunduki za kisasa na mizinga. Mpaka mmoja ulifanya kazi mbili: ulimzuia mtekaji, tena ulimdhoofisha mtu aliyetaka kuilinda nchi yake.

Matokeo yake tuliyaona hapa kwetu. Tarehe 17 Agosti 1891 Wahehe wa Mtwa Mkwawa walilishinda jeshi la Wajerumani huko Lugalo, karibu na Iringa, na kamanda wake, Emil von Zelewski, akauawa. Wahehe waliteka bunduki za kisasa karibu 300. Walakini bunduki ya kisasa haili baruti ya kienyeji. Inataka risasi za kiwandani, na viwanda vilikuwa Ulaya. Zilipopungua risasi, bunduki ile ilikuwa fimbo nzito tu. Boma la Kalenga lilianguka mwaka 1894. Huko Tabora, Mtemi Isike alilipua ghala lake la baruti mnamo Januari 1893, pale boma lake lilipoingiwa na adui. Alikuwa na baruti nyingi, lakini adui walikuwa na bunduki za upande wa pili wa mpaka.

3. Mpaka wahamia kwa mtu

Mwaka 1896 Gavana Hermann von Wissmann alitoa amri ya uwindaji katika nchi iliyotawaliwa na Wajerumani. Tangu hapo mwindaji alitakiwa kuwa na hati. Swali la serikali sasa halikuwa tu, “Una bunduki ya namna gani?” Liliongezeka swali jingine: “Wewe ni nani, na karatasi yako iko wapi?”

Baada ya vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hata 1907, Wajerumani waliwalazimisha watu wa sehemu zilizopigana kutoa bunduki zao. Walipokuja Waingereza, nao waliendelea na utaratibu wa hati. Mtu mwenye gobore alikuwa nalo kwa idhini, na idhini ile iliandikwa katika karatasi ambayo pengine yeye mwenyewe hakuweza kuisoma. Aliweza kuwa na kosa asilolijua. Wanafunzi wenzangu, hiyo ni sababu moja ya sisi kuketi hapa jioni hii na vitabu mikononi.

Kiongozi wa darasa asimamishe kidogo hapa, aulize: Mpaka wa mwaka 1890 ulitazama nini? Na ule wa mwaka 1896 ulitazama nini?

4. Upepo badala ya baruti

Sasa tuje kwenye bunduki ya upepo. Watu wengi hudhani ni kitu cha juzi, chombo cha kuchezea watoto. Sivyo. Huko Stockholm katika Sweden imehifadhiwa bunduki ya upepo inayokadiriwa kuwa ya mwaka 1580 hivi. Na tangu mwaka 1780 jeshi la Austria lilikuwa na bunduki ya upepo iliyobuniwa na fundi aitwaye Girandoni. Kitako chake kilikuwa chupa ya chuma ya kuwekea upepo. Askari aliijaza kwa pampu ya mkono, na kazi hiyo ilitaka kupiga pampu kadiri ya mara 1,500. Ikiisha kujaa, aliweza kupiga risasi 20 bila moshi. Meriwether Lewis, aliyevuka bara la Marekani pamoja na William Clark kati ya mwaka 1804 na 1806, alichukua bunduki ya upepo safarini, akawaonyesha wenyeji ili wastaajabu.

Bastola ya upepo ya kupiga pampu hufuata kanuni ile ile ya pampu ya baiskeli. Mnajua mtu akitia upepo katika tyubu. Mara ya kwanza pampu ni nyepesi. Mara ya kumi mkono unachoka, maana upepo ulio ndani unasukuma nao. Bastola hiyo ina wenzo chini ya mtutu. Ukiufungua na kuufunga, upepo mdogo huingia katika chumba cha chuma na kufungiwa humo na vali. Ukirudia, upepo huongezeka. Ukifyatua, vali hufunguka mara moja, upepo hutoka kwa kishindo na kuisukuma risasi ndogo ya risasi laini. Haba na haba hujaza kibaba.

Kampuni ya Crosman ya Marekani ilitoa bastola ya namna hiyo mwaka 1977, iitwayo 1377, na maelezo yake humwambia mwenye nayo apige pampu mara tatu mpaka kumi, asizidishe. Hapo twaona jambo ambalo gobore halikuwa nalo kwa wazi hivyo. Nguvu ya chombo hiki si moja. Mwenye nacho huichagua yeye mwenyewe kwa mkono wake. Kwa hiyo mtu wa sheria hawezi kutosheka na kukitazama kwa macho tu. Lazima apime.

5. Hesabu ya nguvu

Katika Uingereza, Sheria ya Silaha ya mwaka 1968 na kanuni za mwaka 1969 ziliweka mpaka kwa hesabu. Bunduki ya upepo isizidi futi-ratili 12, yaani juli 16 na kitu. Bastola ya upepo isizidi futi-ratili 6, yaani juli 8.1. Ikizidi hapo, sheria huihesabu kuwa silaha ya hatari maalumu, na mwenye nayo bila idhini ana kosa. Ujerumani imechagua kipimo kingine: juli 7.5 kwa ile inayonunuliwa na mtu mzima bila hati, nayo hupigwa alama ya herufi F ndani ya umbo la pembe tano.

Tufanye hesabu pamoja. Chukueni kalamu. Risasi ndogo ina uzito wa nusu gramu, yaani kilo 0.0005. Kanuni ni hii: zidisha mwendo kwa mwendo, kisha zidisha kwa uzito, halafu gawanya kwa mbili.

Mwendo wa mita 150 kwa sekunde: 150 mara 150 ni 22,500. Mara 0.0005 ni 11.25. Gawanya kwa mbili, unapata juli 5.6.

Mwendo wa mita 180: 180 mara 180 ni 32,400. Mara 0.0005 ni 16.2. Gawanya kwa mbili, unapata juli 8.1. Hapo katika Uingereza umekanyaga jiwe la mpaka.

Mwendo wa mita 200: 200 mara 200 ni 40,000. Mara 0.0005 ni 20. Gawanya kwa mbili, unapata juli 10. Hapo umekwisha kuvuka.

Tazameni vizuri. Kutoka mita 150 mpaka mita 200 umeongeza mwendo kwa theluthi moja tu. Lakini nguvu imetoka juli 5.6 mpaka juli 10, karibu maradufu. Mwendo huzidishwa kwa mwendo, kwa hiyo badiliko dogo huzaa nguvu kubwa. Fundi anayesema, “Nimeongeza kidogo tu,” huenda asiwe mwongo, ila hakufanya hesabu.

6. Kutengeneza bila kuvuka

Je, mwenye bastola ya upepo katika nchi hizo haruhusiwi kuigusa kabisa? Anaruhusiwa mengi. Aweza kuchonga mshiko wa mti unaokaa vizuri mkononi. Aweza kubadilisha shabaha, yaani kile kipande cha kulengea. Aweza kubadilisha raba iliyochakaa ili upepo usivuje. Mambo hayo humsaidia alenge vizuri, wala hayabadilishi jina la chombo.

Hatari huanza pale anapogusa vitu vitatu: chumba cha upepo, vali, na urefu wa mtutu. Chumba kikiwa kikubwa, vali ikifunguka zaidi, au mtutu ukiwa mrefu, risasi yaweza kupata mwendo mwingine. Na hata raba mpya, ikiwekwa mahali pa ile iliyovuja, yaweza kuirudishia bastola nguvu ambayo mwenye nayo alikuwa ameisahau. Kwa sababu hiyo watu waangalifu huko hutumia mashine ya kupimia mwendo. Hupiga risasi kadhaa juu yake, huandika mwendo wa kila moja, kisha hufanya hesabu kama tuliyoifanya sasa hivi. Hupima kwa pampu nyingi kabisa zinazoruhusiwa na kiwanda, na kwa risasi za uzito mbalimbali, kwani sheria hutazama nguvu ambayo chombo kinaweza kuitoa, haitazami ile ambayo mtu alikusudia kuitumia. Na anayekaribia mpaka hurudi nyuma, kama mkulima mwenye busara aachavyo hatua moja kati ya jembe lake na jiwe la jirani.

Hata katika michezo jambo ni hilo hilo. Kulenga kwa bastola ya upepo, umbali wa mita 10, kuliingia katika Michezo ya Olimpiki huko Seoul mwaka 1988. Wachezaji hutengenezewa mshiko wa kufuata kiganja chao, lakini chombo hupimwa na waamuzi kabla ya mchezo. Wanayo nafasi ya kubadilisha, na nafasi hiyo ina ukingo.

Wala msidhani nguvu hizi ni ndogo kwa kuwa hazina moto. Risasi ya bastola ya upepo, hata ile iliyo chini ya mpaka, yatosha kumpofusha mtoto. Na chuma kinachojazwa upepo kupita kadiri chaweza kupasuka mkononi mwa mwenyewe.

7. Wengi walipolipa kwa ajili ya wachache

Kulikuwa na bunduki na bastola fulani za upepo katika Uingereza ambazo kila risasi yake ilikaa ndani ya kikopo kidogo chenye upepo wake, mfano wa risasi ya kweli. Ziliuzwa kwa halali. Walakini wahalifu waligundua kwamba zaweza kugeuzwa zikapiga risasi za baruti. Basi sheria ya mwaka 2003 ikazipiga marufuku, na tangu Januari 2004 haikuruhusiwa kuziuza. Wale waliokwisha kuwa nazo walitakiwa kuomba hati au kuzitoa.

Fikirini juu ya watu hao. Walio wengi hawakugeuza kitu. Walinunua dukani, wakalipa, wakapiga makopo nyuma ya nyumba. Lakini sheria haikuuliza tena chombo kina nguvu gani leo. Iliuliza kinaweza kugeuzwa kuwa nini kesho. Mpaka ulikuwa umesogea mara nyingine, na uliosogezwa na wachache uliwakuta wengi wamelala upande usiofaa.

Uskoti nayo, ingawa imo katika ufalme ule ule, iliona kipimo cha juli hakitoshi. Tangu mwisho wa mwaka 2016 mtu wa huko hutakiwa kuwa na hati hata kwa bunduki ya upepo iliyo chini ya mpaka. Basi mjue kwamba kipimo cha nchi moja si kipimo cha dunia.

8. Sisi na mpaka wetu

Ndugu wa Kizota, turudi nyumbani. Katika Tanzania silaha hutawaliwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua mahali pa ile ya mwaka 1991. Sheria yetu hukataza mtu kutengeneza silaha bila kibali. Tena tarehe 21 Aprili 2004 nchi za Afrika Mashariki, Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika, na Tanzania ikiwamo, zilitia sahihi Itifaki ya Nairobi. Zilikubaliana kuzuia silaha ndogo zinazotengenezwa na kuuzwa kwa magendo, na kuhesabu kuwa kosa kufuta alama na namba zilizopigwa juu ya silaha.

Magobore hayajaisha. Mafundi wa vijijini wangali wakiyaunda kwa mabomba ya chuma, na polisi na askari wa wanyamapori wangali wakiyakamata. Mwaka 2023 serikali ilitoa muda wa miezi miwili, Septemba na Oktoba, watu wasalimishe silaha zisizo halali bila kushtakiwa. Muda wa namna hiyo ni mlango uliofunguliwa. Mwenye busara hupita kabla haujafungwa.

Twajua sababu za mtu kutamani bunduki. Mtama umeiva, na kwelea kwelea wanakuja kama wingu. Nyani wameingia katika mahindi. Lakini kwelea hawashindwi kwa bastola ya upepo. Ndiyo maana serikali huwapulizia dawa kwa ndege. Na kuwinda mnyama wa porini, hata kanga, kunataka kibali chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Kwa hiyo anayetaka bunduki ya upepo asianze dukani. Aanze kituo cha polisi, aulize, apewe jibu, aliandike. Asichukue kipimo cha Uingereza au cha Ujerumani akadhani ndicho chetu. Na fundi wa chuma akiletewa bunduki, ama ya upepo ama ya baruti, na kuambiwa, “Niongezee nguvu kidogo,” ajue kwamba anaombwa kuusogeza mpaka wa serikali kwa mkono wake mwenyewe. Mteja ataondoka na chombo. Na siku ya shida, watu husema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Swali la pili la polisi litakuwa: nani aliyeunda?

Tumeuona mpaka ukihama mara nne: kwa aina ya chombo, kwa mtu, kwa nguvu, na kwa uwezo wa kugeuzwa. Ulipowekwa mwaka 1890, babu zetu hawakuulizwa, na wengi hawakuweza kuusoma. Sheria za leo zimetungwa na Bunge letu, nasi tunaweza kuzisoma. Kama mpaka haufai, tuna njia ya kusema usogezwe: mbele ya diwani, mbele ya mbunge, katika mkutano. Tupa na bisibisi si njia yake.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini mkataba wa mwaka 1890 uliruhusu gumegume na kukataza bunduki za mifuo? Nani alifaidika?
2. Risasi ya nusu gramu inakwenda mita 160 kwa sekunde. Tafuta nguvu yake kwa juli. Je, imevuka juli 8.1?
3. Mtu akibadilisha mshiko, na mwingine akibadilisha vali, tofauti yao ni nini mbele ya sheria?
4. Je, ni haki wengi wazuiwe kwa sababu ya wachache waliogeuza vyombo vyao? Wanawake na wanaume wa darasa watoe maoni, na mmoja ayaandike.

Jibu la swali la pili ni juli 6.4. Aliyepata jibu jingine arudie kuzidisha 160 kwa 160.

Kwa leo tuishie hapo. Someni tena sehemu ya tano nyumbani, na mwenye mtoto wa shule amwombe waisome pamoja. Kwaherini, ndugu wanafunzi.